Mwanamke Aliyeipigia Picha Magoti

Fremu ilikuwa bado ukutani, imening'inia sawasawa, na ndani yake haukuonekana ila ukuta mweupe. Sajini Uledi aliitazama kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote wa Bukoba alivyowahi kuitazama picha yenyewe.

Ukumbi wa Ustawi ulijengwa baada ya vita, ili vijana wa mjini wapate mahali pa kusoma magazeti na kucheza karata bila kulewa. Miezi michache baada ya sherehe za taji la Malkia, mke wa Mzungu mmoja wa kilimo aliamua kwamba ukumbi huohuo utafaa kwa maonyesho ya picha za Waafrika wa kileo. Karata zikaondolewa, picha zikapanda ukutani. Siku ya ufunguzi watu walijaa, maana kulikuwa na chai na keki. Siku zilizofuata alibaki Mzee Bashiri, mwangalizi wa ukumbi, pamoja na mijusi.

Sasa Mzee Bashiri alikuwa rumande. Jumatano jioni aliufunga ukumbi, na Alhamisi asubuhi alipoufungua picha moja haikuwepo. Mlango haukuvunjwa, dirisha halikuguswa, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulilala mfukoni mwake. Bwana Mkubwa wa polisi hakuhitaji zaidi ya hayo. Alikuwa amesema kwamba ikifika Jumatatu picha haijaonekana, Bashiri atasimama mbele ya hakimu. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Iliingiaje humu?" Uledi aliuliza, akigusa ukingo wa fremu.

Mwalimu Mutembei, mwenye picha, alikuwa amesimama nyuma yake na tai yake ya Makerere. Alikuwa kijana mrefu, na tangu jana uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Niliishona, Sajini. Sikuchora kwenye turubai la Kizungu. Nilichora kwenye lubugo."

Uledi alikuwa amekaa Bukoba miaka ya kutosha kuijua lubugo, kitambaa kinachopatikana kwa kuponda gome la mti mpaka linakuwa laini na jekundu kama udongo. Kwao Pangani hakikuwako.

"Kwa nini hukuipigilia misumari?"

"Ingeraruka. Niliizungushia uzi wa katani, tundu kwa tundu, fremu nzima. Kazi ya siku mbili."

Uledi akanyoosha kidole. Kwenye msumari mmoja wa fremu ulikuwa umezungushwa uzi wa katani, mrefu, safi, haujakatwa mahali. Mtu alikuwa ameufumua wote kwa vidole, halafu akauhifadhi kama anavyouhifadhi mama mshoni.

"Mwizi angepitisha kisu, akaenda zake," Uledi alisema. "Au angebeba na fremu. Huyu alikuwa na nafasi, na hakutaka kitambaa kipate jeraha."

"Labda alijua thamani yake."

"Labda. Mbona basi ameacha ile ya jogoo, iliyopewa zawadi?"

Mutembei aliitupia jicho la kando. Picha ya jogoo haikuwa yake, na ilionekana zawadi ile bado inamkereketa. Uledi alimwachia maumivu yake akaenda kumtafuta mtu aliyetajwa na kila mmoja: Omary, mchora vibao wa Rwamishenye.

Omary alikuwa amefanya fujo siku ya ufunguzi. Picha zake zilikataliwa kwa kuwa yeye huandika majina ya maduka, naye akapaza sauti mbele ya Wazungu kwamba kuna watu wanaochora vikongwe juu ya magome na kuitwa wasomi. Uledi alimkuta amechuchumaa mbele ya kibao cha fundi cherehani, anaipaka rangi herufi ya mwisho kwa mkono wa kushoto. Gumba la kulia lilikuwa limevimba, limefungwa kitambaa.

"Nyundo, Afande," Omary alisema kabla hajaulizwa. "Tangu Jumatatu. Hata kifungo cha shati ananifungia mke wangu."

"Nionyeshe."

Omary akafungua kitambaa. Ukucha ulikuwa mweusi, karibu kung'oka. Kwa gumba lile mtu hafumui uzi tundu kwa tundu.

"Ulimchukia Mwalimu Mutembei?"

"Bado namchukia. Ila ningekusudia kumkomoa, Afande, ningeiacha picha yake palepale ukutani." Omary akacheka kidogo. "Hakukuwa na mtu anayeitazama."

Lilikuwa neno la kijicho, lakini Uledi aliondoka nalo. Kama hakuna aliyekuwa akiitazama, basi aliyeichukua alikuwa ameitazama kuliko watu wote, na lazima Bashiri alimwona.

Rumande ya Bukoba ilikuwa na dirisha moja dogo lililoelekea ziwani. Mzee Bashiri alikuwa ameketi juu ya mkeka na kofia yake ya kazi ya mkono kichwani. Mkewe Mastura alikuwa amemletea wali, nao ulikuwa umepoa bila kuguswa. Uledi alikaa chini, maana kumhoji mtu mzima umesimama aliona ni utovu wa adabu, hata kama sheria haikukataza.

"Mzee Bashiri, umesema ulifunga ukumbi, hakuna aliyeingia."

"Ndivyo."

"Basi picha imetoka vipi?"

"Wewe ndiye askari, mwanangu."

"Aliyeichukua alifanya kazi ya saa nzima au zaidi, ndani, taratibu. Hakuvunja mahali. Maana yake alikuwamo kabla hujafunga, na ulijua yumo. Kwa nini unamficha?"

Mzee akageukia dirisha la ziwani. Nje kuku alikuwa akilia. Uledi alimngojea.

"Jumatatu ukisimama mbele ya hakimu, mzee, mji wote utakuwa nyuma yako. Mastura naye atakuwepo."

"Najua."

"Basi niambie."

"Alikuwa mwanamke," Bashiri alisema mwishowe. "Ametoka kwenye meli ya Uganda, ana viatu vya Kampala na kifurushi. Mvua ilimkimbiza akaingia. Akapita kwenye picha zote kama watu wote wapitavyo, mpaka alipofika kwa yule bibi aliyechorwa na Mwalimu. Hapo akapiga magoti."

"Akaanguka?"

"Siyo kuanguka. Alipiga magoti kama anaamkia. Akasema, 'Kasinge, waitu.' Akainamisha kichwa, kama anangoja kuitikiwa. Kisha akaanza kulia bila sauti. Nikamletea kiti, hakukaa. Wakati wa kufunga ukafika. Nimtoe vipi mtu anayelia vile? Nikaenda kuswali magharibi, nikakaa msikitini mpaka isha, ili nimpe nafasi. Niliporudi hayupo. Sikuwasha taa. Nilifunga mlango nikaenda kulala."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Ningesema, mngemsaka. Mtu aliyelia namna ile nilimwona ameshasakwa vya kutosha."

Uledi alimwona mzee huyu ni mjinga, na wakati huohuo akamheshimu kuliko mtu yeyote wa kituo kile. Alimsogezea wali.

"Kula, mzee. Wa nyumbani kwako amehangaika kuupika."

Alirudi ukumbini mbiombio. Mutembei alikuwa bado yumo, peke yake, ameketi mbele ya fremu.

"Mwalimu, mwanamke wa Kihaya anampigia nani magoti?"

"Mkubwa wake. Mzazi, mkwe, mume."

"Na picha?"

"Nani apigie picha magoti, Sajini?"

"Basi hakuipigia picha. Alimpigia aliyechorwa. Ni nani yule?"

"Ma Kokuhirwa, bibi mmoja wa Kimwani, kule mwisho wa Muleba. Nilimwona njiani nikaupenda uso wake. Nilikaa kwake wiki kadhaa nikimchora."

"Ana watoto?"

"Sikumuuliza."

"Wiki kadhaa?"

Mutembei akatazama viatu vyake. Uledi akaligeuza swali upande mwingine.

"Lubugo, mbali na kuchorea, ina kazi gani kwenu?"

"Wazee waliivaa. Wengine huitandika." Mutembei akasita, halafu sauti ikapungua. "Na kuzikia. Maiti huviringishwa ndani yake. Kubwa na mpya kama ile, kazi yake hasa ni hiyo."

Wote wawili wakaigeukia fremu tupu.

"Ma Kokuhirwa yu hai?" Uledi aliuliza.

"Nilipomwacha alikuwa hai."

"Lini?"

"Kabla ya masika."

Sasa vuli ilikuwa imeshaanza. Uledi alikwenda kuomba gari la polisi kwa safari ya kesho, na moyoni alikuwa ameshaandika nusu ya taarifa yake: bibi amekufa, ndugu wa kike amekuja mazikoni, amechukua lubugo ya kumzikia. Picha iko kaburini. Kilichomtia baridi ni nusu ya pili. Ili Bashiri atoke, ingebidi aagize kaburi lifukuliwe.

Waliondoka Jumamosi alfajiri. Uledi aliendesha mwenyewe, Mutembei pembeni yake. Waliipita Muleba jua likiwa limekwishapata nguvu, na baada ya hapo barabara ilikuwa yao peke yao. Nyumba za huku hazionekani, zimejificha ndani ya migomba, na mgeni anaweza kwenda mwendo mrefu akadhani nchi haina watu. Uledi hakuwahi kuizoea hali hiyo. Kwao mtu hujenga anapoonekana.

"Hukuwahi kurudi kumwonyesha picha?" aliuliza.

"Nilikusudia."

"Angependa kuiona."

"Itakwenda Dar es Salaam, Sajini, na baadaye Ulaya. Nilikuwa nangoja iwe na jina kwanza."

Wakateremka bonde la Kimwani. Hapo Mutembei aliinua kichwa ghafla.

"Wanalima," alisema.

Kweli, kando ya njia wanawake wawili walikuwa wakipiga jembe, na mbele yao mwanamume mmoja.

"Kuna nini cha ajabu?"

"Kitongoji kikiwa na msiba hakuna anayeshika jembe. Wangekuwa wamekaa."

"Labda matanga yamekwisha."

"Labda."

Waliliacha gari barabarani wakaingia migombani kwa miguu. Uledi alitangulia, akiangalia kulia na kushoto, akitafuta tuta la udongo mpya. Kibanja kilikuwa kimepaliliwa vizuri, majani makavu yametandazwa chini ya migomba, na hakuna mahali palipochimbwa. Njia iliishia kwenye kiwanja cha nyumba ndogo ya nyasi.

Mbele ya mlango, juu ya majani mabichi yaliyotandikwa, bibi kizee alikuwa ameketi na kisu, anamenya ndizi.

Uledi alijua uso ule ingawa hakuwahi kuiona picha, kwa sababu Mutembei alimshika mkono kwa nguvu mpaka ukamuuma.

"Huyu hapa kijana wa rangi," bibi alisema kwa Kihaya, bila kushangaa. Uledi alikielewa Kihaya vya kutosha. "Na leo umekuja na askari. Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, Ma Kokuhirwa," Uledi alimjibu kwa Kihaya chake cha kuunga-unga. "Tunatafuta mgeni wako."

Hakuhitaji kutafuta. Mwanamke wa makamo alitoka ndani na chungu cha maji. Alipowaona wageni alikiweka chini, akapiga magoti kuwaamkia kama alivyolelewa, na viatu vya Kampala vilivyopasuka kwa matope vilikuwa vimeanikwa kizingitini nyuma yake. Alipoinua macho akaona kofia ya polisi, hakukimbia.

"Jina lako?"

"Klaudia. Ni binti yake."

"Jumatano jioni ulikuwa Ukumbi wa Ustawi, Bukoba."

"Nilikuwako. Nimeichukua mimi." Aliongea Kiswahili cha Kampala, kigumu kidogo. "Iko ndani. Haijachafuka."

"Kwa nini uliichukua?"

"Nilidhani amekufa."

Bibi aliendelea kumenya. Klaudia alikaa juu ya visigino vyake, mikono mapajani.

"Niliolewa nikiwa mtoto, Bwana. Nikatoroka, nikavuka ziwa. Baba akasema nisirudi. Alipokufa sikupata mtu wa kuniambia. Kila mwaka napanda meli mpaka Bukoba, nashuka gatini, nauangalia mji, halafu napanda meli ileile kurudi. Safari yangu imekuwa hiyo tu. Mara hii mvua ikanishika nikaingia mle. Nikamwona mama kwenye lubugo kubwa, mpya. Nikajua basi, ameshakufa. Nikasema hii ndiyo lubugo yake, watu wa mjini wameitundika ukutani kama pazia, na yeye wamemtia ardhini bila kitu. Nikasema hilo angalau nitaliweza. Nitaifumua vizuri, nitaipeleka, nitaomba wanionyeshe kaburi."

"Ukaja."

"Nilikuja nalia njia nzima, kwenye lori na kwa miguu. Nikafika hapa nikamkuta anamenya ndizi."

"Akanikatisha kazi kwa makelele," bibi alisema, maana Kiswahili alikidaka neno mojamoja. "Nikamwambia kama umekuja kulia, lia huku unamenya."

Klaudia alicheka na machozi yakamtoka papo hapo. Uledi alitazama pembeni. Kwa miaka yake yote ya upelelezi hakuwahi kufika mahali akakuta maiti aliyemtarajia yu mzima, na alikuwa na furaha ambayo hakuna kanuni ya polisi iliyomwelekeza aifanyie nini.

Bibi aliingia ndani akatoka na lubugo imekunjwa, akamnyooshea Mutembei.

"Chukua kitambaa chako. Mimi bado sijafa."

Mutembei aliifungua kidogo, akauona uso, akaikunja tena. "Ma, umeipenda?"

"Mimi sikujua unafanya nini," bibi alisema. "Ulikuwa unakaa pale kwenye kigogo, mimi nakaa hapa, mpaka jua linazama. Nilikuwa sina mtu. Nikasema hata asiposema neno, ni mtu amekaa. Halafu siku moja ukakunja vitu vyako ukasema utarudi."

Hakusema kwa kulaumu.

Uledi aliona wakati umefika wa kusema lililomleta, na hakupenda.

"Klaudia, yule mzee wa ukumbini yuko rumande. Wamemwita mwizi."

"Yule wa kofia? Aliyeniletea kiti?" Uso wake ulibadilika. "Hakunitaja?"

"Mpaka nilipombana. Jumatatu anapelekwa kwa hakimu."

"Sajini," Mutembei aliingilia, "picha imepatikana. Mimi ndiye mlalamikaji, na sasa silalamiki. Imekwisha."

"Kwa neno lako nitamfungulia mlango. Lakini mjini watasema umemhurumia mwizi. Mzee Bashiri ataswali maisha yake yote katikati ya watu wanaoficha viatu vyao."

"Nitakwenda nikaseme mwenyewe," Klaudia alisema.

"Sikulazimishi, na sharti nikuambie ukweli. Ukisema umeichukua wewe, Bwana Mkubwa anaweza kukuzuia, hata kama Mwalimu halalamiki. Siwezi kukuahidi utarudi hapa lini."

Klaudia alimtazama mama yake. Bibi alikuwa amekisimamisha kisu.

"Anakwenda tena?" bibi aliuliza.

Klaudia alimsogelea kwa magoti, akamshika miguu, akamweleza kwa Kihaya cha haraka habari za mzee aliyemletea kiti. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka mkono juu ya kichwa cha bintiye, akauacha hapo kwa muda.

"Haya," alisema. "Nenda umtoe mtu wa watu."

Akachukua ndizi nyingine. Klaudia alivaa viatu vyake vyenye matope na kusimama. Mutembei alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea garini, lubugo kwapani. Alipofika kwenye migomba ya kwanza aligeuka nyuma, akamwona bibi peke yake kwenye kiwanja, anamenya ndizi nyingi kuliko awezavyo kula mtu mmoja.

Alirudi. Alimpa Uledi lubugo.

"Bwana Mkubwa ataitaka aione. Mpelekee, na umwambie nimesema silalamiki. Nipe karatasi niweke sahihi."

Alisaini juu ya goti lake. Kisha akavua viatu, akafungua tai akaitia mfukoni, akakaa juu ya majani mkabala na bibi.

"Umesahau kitu?" Ma Kokuhirwa alimuuliza.

"Hapana, Ma. Nitakaa mpaka arudi."

"Umekuja na rangi zako?"

"Sikuja nazo."

Bibi alimwangalia kwa makini, kama anamwona kwa mara ya kwanza. Aliingia ndani, akatoka na kisu cha pili, akamsukumia nusu ya ndizi.

"Basi menya."

Uledi alimfungulia Klaudia mlango wa gari. Aliiweka lubugo kwenye kiti katikati yao, akaondoa gari polepole. Klaudia alibaki amegeuka nyuma hata baada ya migomba kuifunika nyumba.